Mafuta Hayaamki Ruiru

Katika miaka ile ya hamsini nilikuwa nikiuza mafuta ya nazi mahali ambapo hapakuwa na mnazi hata mmoja. Hiyo ndiyo ilikuwa akili yangu yote ya biashara, na sikujaliwa nyingine. Pwani kila jiko lina mbuzi yake ya kukunia nazi. Ukipita Mombasa ukinadi mafuta ya nazi watakuuliza kama na maji ya bahari unauza. Kwa hiyo madebe yangu yalipanda treni, nami nikapanda nayo, nikashuka Ruiru, nikapanga chumba kimoja kwenye safu ya vyumba vya mbao na mabati nyuma ya soko. Siku nyingi nilikaa soko la pale pale. Siku nyingine nilikwenda Thika, kwenye maduka ya Wahindi, ambao wake zao walitaka mafuta ya nywele yaliyo safi na hawakutaka mchezo.

Ilikuwa wakati wa hali ya hatari. Majirani zangu Wakikuyu hawakuweza kufika hata Thika bila karatasi, na jioni ikiingia kila mtu alikuwa nyuma ya mlango wake. Mimi askari walinitazama juu hadi chini, wakasikia Kiswahili changu, wakaniachia njia. Mtu wa pwani hakuhesabiwa kuwa na ugomvi na yeyote huku bara, isipokuwa baridi. Na ugomvi huo ulikuwa wa kweli.

Mafuta ya nazi yakipata baridi huganda. Huwa meupe kama mshumaa, na debe lililopakiwa Mombasa likicheza kama maji hushuka Ruiru likiwa jiwe. Mzee mmoja wa Kihindi mwenye duka Thika alikuwa na tabia ya kugeuza chupa juu chini mbele ya wateja wake, akingoja tone ambalo alijua haliji.

"Rafiki, mafuta yako nalala tena."

"Yamechoka na safari, bwana."

"Treni nachosha mafuta? Ama iko mafuta ya ng'ombe ndani?"

Neno hilo kwa Mhindu si la mzaha, na lilipotoka wateja wawili walirudisha mikono nyuma. Nikaichukua chupa, nikaiweka kizingitini penye jua, nikaanza kubishana naye bei polepole, makusudi. Nikapanda, nikashuka, nikamuulizia wanawe mmoja mmoja, nikarudi kwenye bei. Tulipofika pale ambapo sote wawili tulijua tangu mwanzo kwamba tutafika, mafuta yalikuwa yameamka, maangavu kama machozi. Tangu siku ile tukawa na lugha yetu: mafuta yamelala, mafuta yameamka. Nami nikajiona mtu anayejua bidhaa yake ndani na nje. Kumbe niliijua saa za biashara tu.

Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa Ruiru. Kwetu, mimba ya kwanza mwanamke huipeleka kwa mamake. Huzalia kule alikolelewa, na arobaini yake huikalia mikononi mwa watu wake. Huyo hakungoja treni. Alikuja mapema, katikati ya masika, mdogo wa kutia huruma, na aliyempokea ni jirani yetu wa chumba cha pili, mama muuza makaa, kwa mikono aliyoisugua kwa majivu mpaka ikawa myeupe. Mtoto alikaa nasi masika yote. Ulipofika mwezi wa saba, mwezi wa ukungu usioondoka, wakati ambao majirani wanauita gathano, kifua chake kikaanza kutoa sauti ndogo kama mlango unaohitaji mafuta. Mafuta nilikuwa nayo madebe mazima, na hayakufaa kitu. Tulimzika Thika, makaburi ya Waislamu, asubuhi ambayo ukungu haukuniruhusu kuona mwisho wa safu.

Mimba ya pili mke wangu hakungoja kuambiwa. Alifunga leso zake, akapanda treni tumbo likiwa bado ni siri yetu. Mtoto akazaliwa Mombasa, nyumbani kwa mama mkwe wangu, mwezi wa tatu, msichana, kifua safi. Arobaini ilipopita nikashuka kuwachukua.

Mama mkwe alikuwa mpishi wa harusi. Mtaa mzima ulikuwa umekula mkononi mwake, na sufuria zake ziliwekwa uani zimeinamishwa, kubwa hivi kwamba kuku walitaga chini yake. Alinipokea vizuri mno.

"Karibu, mkwe. Kula kwanza."

Mtu akikulisha kabla ya mazungumzo, jua bei ni kubwa. Nikala.

"Mtoto haendi," akasema nilipokuwa nanawa.

"Mama, arobaini imekwisha."

"Imekwisha ya mzazi. Ya kifua bado. Hebu nambie, huko kwenu mwezi huu kukoje?"

"Mvua, mama. Kama hapa."

"Si kama hapa!" Akaniashiria mtoto, aliyekuwa amelala mkekani bila nguo hata uzi, na nje mvua inamwagika. "Hapa mvua yanyesha na mtoto yuwalala uchi. Huko mwanangu kanihadithia: mvua ikianza tu, kuta zaota baridi. Wajua kwa nini? Bahari hiyo ni sufuria ya harusi. Sufuria ndogo ukiipua, umegeuka huku, ishapoa. Ile ya kulisha mtaa, ukiipua adhuhuri, magharibi bado yaunguza. Jua limeipika bahari tangu kaskazi, miezi yote ile. Sasa jua limejificha, wadhani itapoa leo? Itatugawia moto ule kidogo kidogo, usiku kwa usiku, mpaka masika yaishe na zaidi. Huko kwenu sufuria iko wapi?"

"Tuna mto, mama. Mto Ruiru."

"Mto ni kijiko."

Mke wangu, aliyekaa mlangoni, aliinamisha uso. Sijui alikuwa anacheka au vipi.

Mama mkwe akaingia ndani, akatoka na chupa ya mafuta aliyokamua mwenyewe, akaifunga kizibo mbele yangu. Akanipa masharti. Chupa niiweke pale pale mtoto atakapolala. Si juani, si karibu na jiko. Usiku nisiwashe moto chumbani. Alfajiri niamke niitazame. Nikiikuta imeyeyuka alfajiri tatu mfululizo, nije nimchukue mwanangu, na yeye atatupikia pilau ya njiani.

Hapo akawa ameingia sokoni kwangu. Nikamwambia tatu ni nyingi, hata talaka zikifika tatu watu huona umezidisha. Akashuka, mbili. Nikamwambia mwezi mwandamo huonwa jioni moja tu na umma mzima ukafunga, hakuna anayengoja uonekane mara ya pili. Akacheka mpaka mabega yakatikisika.

"Haya, mkwe. Alfajiri moja. Lakini uniambie kweli."

"Kweli tupu, mama."

Nilitoka pale nimejaa kifua. Kutoka tatu hadi moja, na kwa mpishi wa harusi, watu ambao hawajui kupunguza! Mke wangu alinisindikiza hadi barazani akanitazama kwa namna ambayo nilidhani ni fahari. Kwenye treni nikapiga hesabu: baridi ya Ruiru huisha mwezi wa nane; wa tisa jua linachoma kisogo; basi mwezi wa tisa nakwenda kuwachukua, ukichelewa sana wa kumi. Nikahesabu tena tulipokuwa tunapita Voi, jibu likawa lile lile. Huo ndio ubaya wa kuhesabu mara mbili. Ukianzia pabaya, mara ya pili inakutilia muhuri.

Kitanda cha mtoto kingekuwa upande wa ukuta wa mbao uliotutenga na mama muuza makaa, kwa hiyo pale nikaweka sanduku tupu, na juu ya sanduku chupa. Ukuta wenyewe haukufika juu. Palikuwa na nafasi chini ya mabati ambapo kikohozi cha kwake kiliingia kwangu na harufu ya samaki wangu ikaingia kwake. Tuliishi hivyo bila kulipishana.

Alfajiri ya kwanza chupa ilikuwa nyeupe. Sikujali, masika. Gathano ikaja, ikawa nyeupe na ngumu, nikiigonga inalia kama imejaa chokaa. Sikujali. Nilikuwa nimeshaitoa miezi hiyo kwenye hesabu. Lakini nilitazama kila siku, maana ahadi ni ahadi, na muuza makaa, aliyekuwa uani tangu kabla ya mwanga akichambua makaa na vumbi, aliniona mlangoni na chupa yangu nikiielekeza kwenye mwanga.

"Wewe Mswahili," akasema siku moja, "dini yako inakataa chupa, na wewe kila asubuhi unaamkia yako kabla ya kuamkia watu."

"Hii haina pombe, mama."

"Hiyo ndiyo mbaya zaidi. Mlevi akiamka angalau anajua alikunywa nini."

Nikamweleza mapatano yote. Alisikiliza huku mikono inaendelea na kazi. Mumewe alikuwa amechukuliwa na askari mwaka uliotangulia, na hakuna aliyemwambia yuko kambi gani. Hakuwa mtu wa kushangaa haraka.

"Ai. Hiyo mama ya pwani amekushinda."

"Nimemshusha kutoka tatu hadi moja!"

"Amekushinda." Akapuliza vumbi. "Mimi naamka hapa kabla ya jogoo, miaka yote. Hakuna mwezi maji ya mtungi haijaniuma mkono asubuhi. Hakuna."

Sikumsikia. Mfanyabiashara hasikii bei ya mtu ambaye hanunui.

Mwezi wa tisa ukaja na jua lake kama nilivyoahidiwa na hesabu zangu. Saa nne mafuta yalikuwa maji. Saa nane ungeweza kukaanga yai juu ya bati. Alfajiri chupa nyeupe. Mwezi wa kumi, hivyo hivyo. Mvua za vuli zikapita, mbingu ikasafishika, mwezi wa kwanza ukaja na joto la mchana la kumtoa mtu shati. Hapo alfajiri ikawa mbaya kuliko zote. Usiku haukuwa na wingu hata moja la kufunika chochote, nyota zimejaa kama chumvi iliyomwagika, na asubuhi chupa ngumu kama ya gathano.

Nilianza kuielewa nchi ile kama unavyomwelewa mteja mbaya. Ardhi ya Ruiru ilikuwa kibarua mlevi. Jua linamlipa mchana kutwa, analipwa vizuri, hata vizuri kuliko pwani. Jua likizama anaingia kilabuni, na kabla ya alfajiri hana kitu mfukoni, anatetemeka. Bahari ni mfanyabiashara mzee. Hupokea polepole, hutoa polepole. Ukienda kwake mwezi wa nane, wa tisa, wakati sisi huku tunaanza kuchomwa, utamkuta bado ana upepo baridi, hajaliamini jua jipya. Lakini masika, watu wote wakiwa wamefilisika, yeye ndiye ana akiba. Nilimheshimu. Ni vigumu kumchukia mtu anayefanya kazi yako vizuri kuliko wewe.

Nikajaribu mahali pengine. Yule mzee wa duka Thika aliniruhusu kulala siku moja katika ghala lake, katikati ya magunia ya mchele, kwa sababu Thika ni chini kidogo kuliko Ruiru. Asubuhi akaja mwenyewe kutazama.

"Nalala?"

"Yamelala, bwana."

"Basi," akasema, akafunga ghala. Hakuongeza mzaha, na kwake hiyo ilikuwa rambirambi.

Nikapanda lori la katani nikashuka hadi Ngoliba, chini kabisa, kwenye vumbi na miiba, nikalala kwa mfugaji mmoja aliyeniuliza mara tatu kama kweli nimekuja kuilaza chupa. Kule iliamka nusu: chini nyeupe, juu maji ya mawingu. Nikarudi na ile nusu kama mtu aliyeokota kipande cha noti. Muuza makaa akaikata papo hapo.

"Ngoliba iko na mbu. Utatoa mtoto kwa baridi umpatie homa. Na huko utauzia mafuta nani, mbuzi?"

Mwezi wa pili ulipokuwa unaelekea mwisho, nikaamka alfajiri moja, nikanyoosha mkono gizani kama kawaida, nikainamisha chupa. Ikacheza.

Niliiinamisha tena. Ikacheza tena. Nikatoka nje na suruali ya kulalia, nikaiinua kwenye mwanga mdogo uliokuwapo. Hakuna wingu, hakuna chembe. Nililia, na sioni haja ya kulificha hilo. Nikaita jina la mtoto kwa sauti pale uani, kisha nikarudi ndani kutafuta mfuko wa safari, na katika kuvuta mfuko kutoka nyuma ya sanduku mkono wangu ukagusa ukuta.

Mbao zilikuwa moto, kama mgongo wa tanuri ya mkate.

Nilikaa kitandani. Baadaye nikatoka, nikamkuta muuza makaa ameketi kwenye kizingiti chake, mlango wazi, macho mekundu. Nyuma yake majiko matatu yalikuwa yamepangwa ukutani, majivu hadi juu.

"Ulilala, mama?"

"Nililala nimekaa."

"Umechoma kiasi gani?"

"Gunia. Ilikuwa na vumbi nyingi, watu hawangenunua."

"Gunia zima!"

"Sasa unataka kupunguza bei na imeshaungua?" Akajifuta uso kwa kiwiko, akauacha na mstari mweusi. "Mama yako alisema moto isiwe kwa chumba yako. Ilikuwa kwa yangu. Chupa imeamka, haijaamka?"

"Imeamka."

"Basi nenda uchukue mtoto. Hii safu iko na mlango mmoja inangojea mtu. Ya pili ya nini?"

Nilimshika mkono, jambo ambalo hatukuwahi kufanya, na ulikuwa bado una joto.

Siku ile sikufungua biashara. Niliketi na hesabu mpya: gunia moja kwa alfajiri moja, kwa ukuta mmoja. Ili mtoto alale miezi ya masika na gathano, magunia yangejaa vyumba vyote vya safu yetu na sisi tungelala nje. Nikahesabu tena, nikitafuta kosa. Halikuwapo. Na kule bahari inafanya kazi ile ile kila usiku, pwani nzima, kuta zote, za tajiri na za maskini, na haimwamshi mtu kuongeza makaa.

Hata hivyo niliichukua chupa nikapanda treni. Nilijiambia kwamba sharti lilikuwa alfajiri moja, na alfajiri moja ninayo.

Nilifika masika yakianza. Mtoto alikuwa anatembea, anaanguka, anatembea. Alinitazama akakimbilia goti la bibi yake. Mke wangu alikuwa amenenepa kidogo, sauti yake imerudi. Ruiru baada ya mazishi alikuwa akisema kwa kunong'ona hata akiuliza chumvi.

Mama mkwe hakunilisha kwanza safari hii. "Imeamka?"

"Imeamka, mama."

"Pale atakapolala mtoto?"

"Pale pale."

"Chumbani mwako hamkuwa na moto?"

"Chumbani mwangu hamkuwa na moto."

Kila neno lilikuwa kweli. Ungeweza kulipima popote. Akainuka taratibu, mkono kiunoni, akaenda kwenye pipa la mchele. Nikasikia kibaba kikizama na kutoka. Pilau ya njiani. Mke wangu akaacha alichokuwa anakifanya. Hakutabasamu. Alimvuta mtoto akamkalisha mapajani, akaanza kumpapasa kifua kwa kiganja, polepole, kama mtu anayesikiliza kwa mkono.

Katika maisha yangu nimeuza vitu vingi kwa kunyamaza. Hicho sikuweza.

"Mama," nikasema, "ukuta ulikuwa wa moto."

Nikawaeleza yote: majiko matatu, gunia, mlango ulioachwa wazi usiku kucha ili hewa ya makaa itoke, wakati ule wa kafyu ambapo mlango wazi ungeweza kumletea mtu risasi. Kibaba kikatulia ndani ya pipa. Mama mkwe akarudi akaketi, na nilipongojea hasira nikaona machozi.

"Huyo ndiye bahari yako," akasema. "Lakini bahari ya gunia, mwanangu. Yaisha."

"Tupunguze, mama. Tuseme saa nne. Saa nne mafuta huwa maji, miezi mingi."

"Na mtoto atalala mpaka saa nne?"

Nilikuwa nimefika mwisho wa bei. Mke wangu ndiye aliyesema.

"Neno la mama ni la mama. Mimi ni mke wako. Ukisema twende, namfunga mgongoni kesho twende. Lakini useme wewe, na uniangalie ukisema."

Nikamwambia nitasema asubuhi.

Mvua ilinyesha usiku ule wote, mvua nzito ya masika, na sikuwa na shaka kwamba alfajiri nitakuta baridi angalau kidogo, kitu cha kushika, cha kusema hata hapa, hata hapa nako. Niliamka kabla ya adhana. Maji yalikuwa yanatiririka kutoka makutini. Jua halikuonekana tangu juzi yake. Niliweka kiganja ukutani. Ulikuwa vuguvugu, kama shavu la mtu aliyelala. Chupa ilikuwa karibu na mkeka, nikaiinamisha, ikacheza. Mtoto alilala chali, uchi, mikono wazi, jasho dogo juu ya mdomo, na pumzi yake ilikwenda na kurudi bila sauti yoyote. Nilisikiliza sana. Nilitafuta ile sauti ya mlango. Haikuwapo.

Mke wangu alikuwa macho, ananitazama.

Nilimwangalia, na sikusema. Alingoja, kisha akafumba macho, akamsogeza mtoto karibu naye. Nikajua tumeelewana, na kwamba hayo ndiyo mapatano ya pekee katika maisha yangu ambayo sikujaribu kuyapunguza.

Ile chupa mama mkwe aliifungua asubuhi hiyo, akampaka mtoto wote, kichwa hadi nyayo, mpaka ikabaki tupu. Niliwaacha wote watatu barazani. Kuhamia kwao sikuweza; riziki yangu ilikuwa pale tu ambapo hakuna minazi, na hapo ndipo hakuna bahari. Nikawa mume wa treni. Binti yangu amekua akinijua kama mgeni anayeleta viazi na kuondoka.

Mama mkwe alinipa leso mpya na furushi la nazi nimpelekee muuza makaa. Niliposhuka Ruiru alikuwa uani. Alitazama nyuma yangu, upande mmoja, halafu wa pili. Akapokea leso, akaikunjua, akaikunja tena vizuri kwenye mikunjo yake.

"Chai iko," akasema.

Asubuhi iliyofuata niliamka gizani nikanyoosha mkono kwenye sanduku. Mazoea. Hapakuwa na chupa. Palikuwa na alama yake tu juu ya ubao, duara la mafuta yaliyochuruzika mwaka mzima, na nilipolipitishia kidole lilikuwa gumu, limeganda.